Kubadilisha springi ya slaidi kwenye bastola ya M1911: mwongozo kwa anayeanza

Kati ya sehemu ndogo za bastola, springi kubwa inayorudisha mbele slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele, ndiyo inayomfaa zaidi mtu ambaye hajawahi kufungua silaha yake kwa lengo la kubadilisha kitu. Ni sehemu inayochoka kwa kazi yake yenyewe, bei yake ni ndogo, haihitaji tupa wala kugongwa, na, jambo lililo kubwa kuliko hayo yote, haimo katika vile vipande vinavyoamua ni lini bastola ifyatuke. Mwongozo huu unahusu M1911 ya ukubwa kamili, yenye mtutu wa inchi 5, yaani milimita 127, na inayotumia risasi za .45 ACP. Nimeichagua kwa sababu imeenea sana mikononi mwa raia wa Marekani, na kwa sababu John Moses Browning aliyeibuni aliipanga ifunguke bila zana. Jeshi la Marekani liliipokea rasmi tarehe 29 Machi 1911, na mwaka 1985 ndipo Beretta M9 ilipochaguliwa kuchukua nafasi yake. Mpangilio wake wa ndani umebaki karibu uleule muda wote huo, hivyo mwenye bastola iliyotoka kiwandani mwaka huu na mwenye bastola aliyorithi kwa babu yake watafuata njia moja.

Suala la sheria litangulie kila kitu. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, kinachohesabiwa kuwa silaha ni fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, yenye namba ya usajili. Springi huuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Lakini Mswahili aliyeko Marekani kwa viza ya muda, kama vile ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa na sheria hiyohiyo kuwa na silaha au risasi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, wakati mwenye ukaazi wa kudumu hafungwi na katazo hilo. Basi mgeni asiipokee bastola ya rafiki ili amsaidie kuitengeneza kabla hajajua hadhi yake ya uhamiaji inamruhusu nini. Huku nyumbani mambo ni mengine. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mwenye leseni katika nchi hizi awaulize kwanza waliompa leseni, na ushauri wangu ni kwamba kazi hii aipeleke kwa muuzaji au fundi wa silaha aliyesajiliwa, hata kama anaiweza.

Springi inafanya nini, na itajulikanaje kuwa imechoka

Risasi inapofyatuka, mtutu na slaidi huanza kurudi nyuma vikiwa vimeshikana. Baada ya mwendo mfupi sana, kiungo kidogo kilicho chini ya mtutu huuvuta mtutu ushuke, nao huachana na slaidi. Slaidi huendelea nyuma peke yake, ikilitoa ganda tupu na kuisukuma nyundo ilale nyuma tayari kwa risasi inayofuata. Wakati wote huo springi inabanwa. Slaidi ikifika mwisho, springi huirudisha mbele kwa nguvu, nayo njiani huichukua risasi ya juu kwenye magazini, huiingiza chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na kuufunga tena mtutu mahali pake. Kwa hiyo springi ina kazi mbili: kuipunguzia slaidi kasi inapokwenda nyuma, na kuifikisha mbele kabisa inaporudi.

Springi iliyochoka hushindwa katika kazi zote mbili. Slaidi huigonga fremu kwa nguvu zaidi, na mpigaji huhisi mshtuko mkali mkononi kuliko aliouzoea. Maganda yaliyokuwa yakianguka hatua mbili tatu kutoka aliposimama huanza kuruka mbali zaidi, ingawa risasi ni zilezile. Dalili ya tatu ndiyo inayowasumbua watu zaidi: slaidi husimama milimita chache kabla ya kufika mbele, na mpigaji hulazimika kuisukuma kwa kidole gumba. Hata hivyo, dalili hii ya mwisho peke yake haithibitishi kitu, kwa maana uchafu katika chemba, risasi mbovu au mafuta yaliyoganda huleta matokeo yaleyale. Safisha bastola vizuri kwanza, kisha uione tena.

Wapo wanaosubiri dalili, na wapo wanaohesabu risasi. Mimi niko upande wa wanaohesabu. Wapigaji wengi hubadilisha springi hii baada ya risasi kati ya 2,000 na 5,000, na wale wa mashindano mapema zaidi, na gharama yake haifiki ya pakiti ya risasi 50 za .45. Mtu aliyenunua bastola iliyokwishatumika, asiyejua imepigwa risasi ngapi, aanze kwa springi mpya siku hiyohiyo. Hana namna nyingine ya kuijua hesabu.

Kununua iliyo sahihi

Nguvu ya springi huandikwa kwenye pakiti kwa ratili, na namba hiyo ni nguvu ya springi ikiwa imebanwa kama inavyobanwa slaidi ikiwa nyuma kabisa. Kwa bastola ya inchi 5 yenye risasi za kawaida za .45 ACP, namba ya kawaida ni ratili 16, sawa na kilo 7 na kidogo. Zipo za ratili 18 na zaidi kwa risasi kali, na zipo za ratili 12 hadi 14 kwa risasi laini za shabaha. Anayeanza anunue 16 na asijaribu kuboresha chochote. Imani kwamba springi ngumu zaidi huilinda bastola zaidi imewapotosha wengi: springi ngumu kupita kiasi huifupisha safari ya slaidi kwenda nyuma, kisha huirudisha mbele kwa kishindo, na hasara hiyo hujitokeza kama maganda yaliyokwama na slaidi isiyokaa nyuma magazini inapoisha.

Urefu wa mtutu nao ni lazima uangaliwe. Bastola fupi yenye mtutu wa inchi 4.25 kwa kawaida hutumia ratili 18, na ile ya inchi 3.5 hutumia ratili 22 au zaidi, kwa sababu slaidi yake ni nyepesi na safari yake ni fupi. Springi hizi hazibadilishani nafasi, hata kama kwa macho zinafanana. Vivyo hivyo, M1911 iliyotengenezwa kwa risasi za milimita 9 huhitaji springi laini zaidi. Soma kitabu cha maelezo kilichokuja na bastola. Kama kimepotea, watengenezaji wengi hukitoa bure kwenye tovuti zao.

Watengenezaji wengine huweka ndani ya pakiti hiyo springi ya pili, nyembamba na fupi, ambayo ni ya pini ya kufyatulia. Hiyo iache ndani ya pakiti. Pini hiyo inahusiana na usalama wa bastola inapoanguka chini, na mtu aifungue kwa mara ya kwanza akiwa na fundi wa silaha pembeni yake.

Kabla ya kununua, tazama mbele ya bastola yako, chini kidogo ya mdomo wa mtutu. Ukiona kizibo cha mviringo kilichoziba kabisa, unayo fimbo fupi ya mtindo wa awali, yaani ile inayoiongoza springi kwa ndani, na maelezo yote yanayofuata ni yako. Ukiona kizibo chenye tundu na ncha ya fimbo ikionekana ndani yake, bastola yako ina fimbo ndefu. Fimbo hizi ndefu hazifanani: nyingine hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita, nyingine huhitaji waya mwembamba wa kushikilia springi, na hapo itakubidi ufuate kitabu cha bastola yako badala ya mwongozo huu.

Kuhakikisha bastola ni tupu

Chagua meza yenye mwanga, tandika taulo la rangi nyeupe ili kipande kidogo kikianguka kionekane, na uziondoe risasi zote chumbani. Neno zote lina maana yake kamili: magazini ya akiba, risasi iliyo mfukoni, hata ile moja iliyosahauliwa kwenye droo ya meza, ziende chumba kingine na mlango ufungwe. Watoto wasiwepo. Simu izimwe sauti, kwa kuwa makosa mengi ya silaha hutokea mtu anapokatishwa katikati ya kazi na kurudi akidhani hatua fulani ameshaimaliza.

Elekeza mdomo wa bastola upande ambao risasi ikitoka haitamdhuru mtu, na kidole kikae nje ya ringi ya kifyatulio. Toa magazini kwanza. Baada ya hapo shusha kufuli ya usalama ya kidole gumba, maana ikiwa juu slaidi haitasogea, kisha vuta slaidi nyuma kabisa mara kadhaa na uifunge ikiwa nyuma kwa kizuizi chake, yaani kile kijichuma cha upande wa kushoto wa fremu kinachoizuia isirudi mbele. Mpangilio huu usigeuzwe kamwe: anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha hujiaminisha kwamba chemba ni tupu. Tazama ndani ya chemba, tazama tundu la magazini, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo ndani ya chemba na uihisi. Macho huzoea kuona kinachotarajiwa, na kidole hakina tabia hiyo. Ukikatishwa kazi baadaye kwa sababu yoyote, rudia ukaguzi huu tangu mwanzo.

Sasa vaa miwani ya kinga. Hili si pambo. Kile kizibo kinasukumwa na springi iliyobanwa, kikiponyoka kidoleni kinaweza kuruka hadi upande wa pili wa chumba, na uso wa mtu aliyeinamia kazi yake ndio unaokuwa karibu zaidi. Miwani ya kawaida ya kusomea haitoshi.

Kuifungua

Rudisha slaidi mbele taratibu kwa mkono, usiiachie ijipige. Shika bastola kwa mkono wa kushoto, mdomo ukielekea juu na mbali na uso wako, na uangalie tena sehemu ya mbele. Utaona vitu viwili: bushi, yaani pete ya chuma inayouzunguka mdomo wa mtutu na yenye mdomo mfupi unaoshuka chini, na kizibo kilichoshikiliwa na mdomo huo wa bushi. Kwa nyama ya kidole gumba, au kwa kona ya taulo lililokunjwa ikiwa uso wa kizibo unaumiza, bonyeza kizibo ndani milimita tano hivi. Kikiwa kimeingia, tumia mkono wa pili kuizungusha bushi karibu robo ya mzunguko, kwa mwelekeo wa mishale ya saa kama ukiutazama mdomo wa mtutu uso kwa uso. Mdomo wa bushi utaondoka juu ya kizibo, na utahisi springi yote ikisukuma kidole chako.

Hapa ndipo penye ufundi wote wa kazi hii. Kidole kisiondoke, kirudi nyuma polepole pamoja na kizibo, hadi springi ifunguke sentimita kadhaa nje ya slaidi na nguvu yake iishe. Baadhi ya bushi zimekaza sana kiasi cha kuhitaji kifunguo maalumu cha plastiki kinachouzwa kwa bei ndogo. Kikihitajika kitumie, na usitumie koleo, kwa kuwa koleo huteleza na kuacha makovu kwenye chuma. Mtu mwenye wasiwasi anaweza kufanya hatua hii bastola ikiwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, ili kizibo kikiruka kisipotee. Kizibo hutoka kwa kuvutwa, na kwenye bastola nyingine kina jino dogo linaloshika springi, hivyo kizungushe kidogo huku ukikivuta.

Wako wanaoishia hapa: huichomoa springi kuukuu kwa mbele, huisukuma mpya ndani, na kufunga. Kwa mwanafunzi sikubaliani na njia hiyo, kwa sababu hawezi kuona kama mwisho wa springi umekaa sawasawa kwenye fimbo yake huko ndani.

Endelea basi na slaidi. Ilaze nyundo nyuma ili slaidi isogee kwa wepesi. Upande wa kushoto wa slaidi kuna vipengee viwili vilivyokatwa kwenye ukingo wa chini: kimoja kikubwa, ambacho ndicho kinachoshikwa na kizuizi magazini inapoisha, na kingine kidogo cha nusu duara kilicho nyuma yake. Vuta slaidi nyuma hadi kile kidogo kiwe juu kabisa ya jino la kizuizi. Kutoka upande wa kulia wa fremu, bonyeza ncha ya pini ya kizuizi kwa kidole. Kizuizi kitatokeza upande wa kushoto, nawe ukivute kitoke chote. Kama hakisogei, slaidi haijafika mahali pake. Isogeze kwa unywele mmoja mbele au nyuma. Kisipigwe.

Kizuizi kikishatoka, geuza bastola mgongo chini, na uisukume slaidi mbele pamoja na mtutu hadi itoke kwenye fremu. Kuanzia sasa usiguse kifyatulio. Nyundo ikianguka bila slaidi kuwepo huigonga fremu yenyewe, na chuma hicho hakikuumbwa kupokea pigo hilo.

Toa fimbo ya springi kwa nyuma, na springi kuukuu pamoja nayo. Ilaze kando ya springi mpya juu ya taulo. Kuukuu mara nyingi huwa fupi, wakati mwingine kwa kiasi kinachoonekana waziwazi, na koili zake za katikati hazina tena nafasi sawa kati yake. Ikiwa hakuna tofauti yoyote, huenda springi yako bado ina uhai, na hakuna hasara kuihifadhi kama akiba. Lakini kama mpya ni ndefu kupita kiasi, au waya wake ni mnene waziwazi kuliko ule wa zamani, soma tena pakiti kabla ya kuiweka. Huenda muuzaji amekupa ya bastola nyingine.

Tumia nafasi hii kufuta masizi kwenye njia za slaidi na chini ya mtutu, na uweke tone moja moja la mafuta ya bunduki kwenye reli za fremu, juu ya mtutu karibu na mdomo, na kwenye kile kiungo. Chemba ibaki kavu.

Kuiweka mpya na kufunga

Springi mpya ina ncha mbili zisizofanana. Pitisha kila ncha kwenye fimbo na utahisi moja inaingia kwa kulegea na nyingine inabana. Ile inayobana ndiyo inayokaa kwenye fimbo, ikizungushwa na kusukumwa hadi ifike kwenye kichwa chake. Iliyolegea inaelekea mbele, upande wa kizibo. Zoezi hili dogo huchukua sekunde chache na huondoa wasiwasi wote wa springi iliyowekwa kinyume.

Weka slaidi mezani mgongo chini. Ingiza springi na fimbo yake katika mfereji wake, springi ikitokeza mbele chini ya mtutu, na kichwa cha fimbo kikae dhidi ya mtutu, upande wake wenye upinde ukilikumbatia duara la mtutu. Kilaze kiungo kielekee mbele. Chukua fremu, nayo ikiwa imepinduliwa, uilinganishe na njia za slaidi, uiteleze mahali pake. Kazi ikifanywa kwa kupinduliwa hivi, uzito wenyewe huishikilia fimbo isianguke. Katika hatua hii usibonyeze kufuli ya mpini, yaani kile kibao cha nyuma ya mpini kinachobonyezwa na kiganja, wala kifyatulio: bastola za Colt za Series 80 zina kizuizi cha pini ya kufyatulia kinachoendeshwa na kifyatulio, na baadhi ya bastola nyingine, kama Kimber za Series II, zinacho kinachoendeshwa na kufuli ya mpini. Ukibonyeza wakati slaidi inapita, kipande kidogo huinuka njiani na kugongwa.

Kizuizi cha slaidi ndicho kinachofuata, na ndicho kinachoacha kovu. Bastola nyingi za M1911 zina mstari uliopinda, mwembamba, upande wa kushoto wa fremu chini ya kizuizi, ambao mwenyewe huujutia kila anapoitazama. Mstari huo hutokea mtu anapokizungusha kizuizi kwa nguvu kwenda juu huku kikisuguana na fremu. Bandika kipande cha utepe wa karatasi hapo kabla ya kuanza. Ingiza pini ya kizuizi katika tundu la fremu huku ukichungulia au ukisogeza slaidi taratibu, hadi pini ipite ndani ya kiungo cha mtutu na kutokea upande wa pili. Vuta slaidi hadi kile kipengee kidogo cha nusu duara kilingane na jino la kizuizi. Mkia wa kizuizi utakutana na kipini kidogo chenye springi kinachotokeza kwenye fremu. Kirudishe ndani kwa ncha ya kijiti cha plastiki, na papo hapo sukuma kizuizi moja kwa moja kuelekea kwenye fremu. Kitaingia kwa mlio mdogo. Ukijaribu mara kadhaa na kisiingie, kitoe na uanze tena. Kulazimisha hakujawahi kusaidia hapa.

Hakikisha pini imepita ndani ya kiungo kabla ya kuendelea. Shika fremu kwa mkono mmoja, ivute slaidi mbele kwa mkono mwingine. Ikikaa, pini imeshika. Ikitaka kutoka kwa mbele, pini imepita pembeni ya kiungo, na ni lazima ufungue upya.

Mwisho ni kizibo. Springi sasa inatokeza mbele, na kwa kuwa ni mpya itakusumbua kuliko ilivyokusumbua ile ya zamani. Elekeza mdomo mbali na uso, miwani ikiwa bado machoni, weka kizibo juu ya springi, usukume ndani kwa kidole gumba hadi kipite usawa wa bushi, na uizungushe bushi kinyume cha mishale ya saa hadi mdomo wake ukifunike kizibo. Ondoa kidole taratibu na utazame: bushi iwe katikati sawasawa, na kizibo kimekaa ndani ya mdomo wake.

Ukaguzi wa mezani

Hakuna risasi bado. Thibitisha tena kwamba chemba ni tupu, kwa jicho na kwa kidole, kisha vuta slaidi nyuma mara kumi hivi. Mwendo uwe laini tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mara slaidi ifike mbele kabisa bila kusaidiwa. Ingiza magazini tupu na uvute slaidi: ni lazima ikae nyuma. Toa magazini.

Ingawa hukugusa vipande vya kufyatulia, viangalie, kwa kuwa slaidi imetoka na kurudi na kipande kimoja miongoni mwavyo huguswa nayo. Ilaze nyundo nyuma, pandisha kufuli ya kidole gumba, shika mpini kikamilifu na uvute kifyatulio kwa nguvu: nyundo isisogee. Achia kifyatulio, shusha kufuli. Nyundo bado isisogee. Halafu shika bastola bila kubonyeza kufuli ya mpini, uvute kifyatulio; tena nyundo ibaki palepale. Ukaguzi wa tatu husahauliwa na wengi: shika tena mpini kikamilifu, vuta slaidi nyuma kama milimita sita tu na kuishikilia hapo, kisha vuta kifyatulio. Nyundo haitakiwi kuanguka, kwa sababu slaidi haijafunga. Ukiendelea kubana kifyatulio, iache slaidi irudi mbele, nyundo ikae. Achia kifyatulio, kivute upya, na sasa nyundo ianguke. Bastola isiyofaulu jaribio hata moja kati ya haya haiwekwi risasi. Inapelekwa kwa fundi wa silaha kama ilivyo, na mwenyewe asijaribu kukata, kusugua wala kukunja kitu chochote ndani yake.

Nasisitiza mpaka huu kwa sababu mtu akishafaulu kubadilisha springi hii, hamu ya kuendelea humjia. Vipande vinavyoshika nyundo, kile kinachotenganisha kifyatulio slaidi isipofunga, na springi yenye majani matatu iliyo nyuma yake, vyote vimelingana kwa vipimo vidogo mno, na kosa lake halionekani mezani. Huonekana uwanjani, pale bastola inapofyatua risasi mbili kwa mvuto mmoja. Huko anahitajika mtu aliyefundishwa.

Uwanjani

Nenda uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, ukiwa na miwani na kinga ya masikio, na uchukue risasi mpya za kiwandani za aina uliyokuwa ukitumia siku zote, ili usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Weka risasi moja tu katika magazini na uipige: ganda litoke, na slaidi ikae nyuma. Halafu weka mbili, uhakikishe kila mvuto unatoa moja. Hapo ndipo ujaze magazini, na upige angalau risasi 50 kabla ya kuiamini bastola hiyo kwa jambo lolote zito.

Springi mpya mara nyingi huwa ngumu kidogo mwanzoni, na maganda yanaweza kuangukia karibu zaidi na miguu yako kuliko siku zilizopita. Hilo ni la kawaida. Yakianza kukwama kwenye mlango wa kutolea maganda, au slaidi ikashindwa kukaa nyuma magazini inapoisha, jaribu magazini nyingine kabla ya kuilaumu springi, kwa kuwa magazini mbovu ndiyo chanzo cha matatizo mengi ya M1911. Tatizo likibaki, irudishe springi ya zamani ukifika nyumbani na ujaribu tena siku nyingine kwa risasi zilezile. Bastola ikirudi kufanya kazi, springi mpya haikufaa, na pengine namba yake ilikuwa kubwa kuliko inavyotakiwa. Tatizo likiendelea hata kwa ile ya zamani, chanzo kiko kwingine, na fundi utakayempelekea atafurahi kuambiwa hayo yote kwa mpangilio. Mambo yakienda sawa, tia springi kuukuu ndani ya bahasha, andika juu yake tarehe na idadi ya risasi ulizokwisha kuzipiga kwa bastola hiyo, uihifadhi pamoja na kitabu cha maelezo, na kuanzia hapo uandike kila pakiti unayoimaliza.